Usaili wa Vitendo

Nasibu Mwinshehe alishushwa kwenye lori la saruji pale Kahama saa nne asubuhi, akiwa na begi moja, mashati matatu ya kola ngumu na muhuri wa kampuni isiyokuwepo. Dereva, aliyempakia pale Isaka, alikuwa ameahidi kumfikisha stendi, lakini alikanyaga breki kilomita mbili kabla, kwa sababu njiani Nasibu alibakiza kidogo tu amuuzie hisa za lori lake mwenyewe.

Basi akatembea, na kitu cha kwanza alichokiona ni ovaroli. Muuza karanga alikuwa na ovaroli. Bodaboda watatu walikuwa na mabuti ya mgodini yenye chuma kidoleni. Fundi viatu alikaa chini ya mwavuli amevaa helmeti ya njano, kana kwamba mwavuli ungemwangukia. Tangu mgodi wa Buzwagi ufungwe, mji ulikuwa na watu wengi waliovaa kwenda kazini, ila kazi ndiyo haikuwepo. Wanaume wazima walikuwa wakinunua nusu sahani ya wali na kuomba mchuzi wa sahani nzima.

Mtu mwingine angeona huruma. Nasibu alijisikia kama mtu aliyenusa pilau la jirani.

Lakini tumtendee haki. Nasibu alikuwa na msimamo: hachukui hata senti ya mtafuta kazi. Msimamo huo aliupata Singida, alikouza fomu za ajira kwa elfu kumi kumi mpaka wanunuzi walipokutana na kulinganisha fomu, naye akaacha jino moja kwenye mtaro. Tangu hapo alikuwa akisema, "Ukimchukulia mtu hela, anakusaka. Ukimchukulia jasho, anajifuta uso na kwenda kulala." Ni falsafa nzito, na ndiyo iliyomfikisha gesti ya Mto wa Dhahabu.

Gesti hiyo ilikuwa ya Mzee Ngusa. Hakuna aliyejua kama huo mto ulikuwa wa kulalia au wa maji, na siku hizi haikujalisha, kwa kuwa vyumba vilikuwa kumi na vinane na wageni wawili, mmoja wao Nasibu, ambaye hakuwa amelipa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwangaluka," alijibu Mzee Ngusa, akimpa salamu ya asubuhi ya Kisukuma.

"Na mimi pia," alisema Nasibu, mtu wa Handeni, asiyejua ameulizwa nini. "Mzee, biashara vipi?"

"Biashara gani? Wazungu wa mgodi wameondoka, wafanyakazi wameondoka, hata mbu wamepungua. Nataka kuchimba bwawa hapo nyuma, nifuge sato. Mwenye greda ananiambia milioni tano. Milioni tano! Sato wenyewe watakuwa na meno ya dhahabu?"

Nasibu alitoa kadi ya jina. Iliandikwa Injinia.

"Mimi nakuchimbia kwa milioni mbili na nusu. Ukilipa yote leo, milioni mbili."

Macho ya Mzee Ngusa yaliwaka. Alikuwa mtu ambaye akipunguziwa bei hutaka apunguziwe na punguzo. "Na udongo? Utaniachia mlima hapa nyuma? Andika kwenye mkataba: udongo wote ni mali ya mkandarasi, na auondoe wote kwa gharama yake."

"Hilo tu?" Nasibu aliandika, akagonga muhuri na kupokea milioni mbili zilizokuwa zikinukia dawa ya nondo. Udongo aliusahau papo hapo, kwani hakuwa na nia ya kuwepo siku ya kuuondoa.

Kesho yake, ukutani mwa gesti, pakabandikwa tangazo. Kampuni mpya ya madini ilihitaji watu ishirini wenye uzoefu. Hakuna ada. Usaili wa vitendo wa siku sita. Waliofaulu wangeanza kazi mara moja.

Mkabala na ukuta huo kulikuwa na banda la chakula la Mageni, ambaye wote walimwita Mama Rhoda. Miaka minane aliendesha yale malori ya mgodini yenye matairi marefu kuliko banda lake. Mume wake, Marcel, alikwenda machimboni Geita "kwa wiki mbili", na wiki ya pili sasa ilikuwa na miezi kumi na minne. Alimwachia mtoto wao Rhoda, deni dogo dukani, na pete ya ndoa ya dhahabu ya kweli. Kwa siku aliuza sahani nne. Alilisoma tangazo mara tatu, akafunga banda, akatoa ovaroli yake sandukuni. Aliivaa, akafunga vifungo vyote hadi shingoni, naye hakuona aibu.

Walifika watu mia na kitu. Nasibu aliwachagua ishirini kwa kuwabonyeza mikono, akawapa fomu za kusaini.

"Usaili wenyewe ni nini, Injinia?" aliuliza Marwa, Mkurya mwenye mabega ya mlango, aliyekuwa mpiga drili.

"Kuchimba. Kampuni inataka kuona ari. Urefu mita ishirini, upana kumi, kina mita moja na nusu. Leteni sururu zenu."

Walichimba. Mungu wangu, walichimba! Watu waliokaa miezi bila kazi, ukiwaambia wanapimwa, huchimba kana kwamba chini kuna ndugu yao. Nasibu alipita kingoni akiwa na ubao wa karatasi, akiandika kwa sauti. "Marwa, ari nzuri. Mama Rhoda, ari nzuri sana. Wewe wa kofia, umepumzika mara mbili, kampuni imeona." Yule wa kofia aliomba radhi na kuongeza kasi.

Siku ya tano mchana, Nasibu akiwa kwenye usingizi wa baada ya wali, Mzee Ngusa alikuja kutazama shimo, mikono nyuma.

"Hongereni wanangu. Maji nitaingiza lini?"

"Maji ya nini, mzee?" aliuliza Mageni.

"Ya sato! Si bwawa langu hili? Nimemlipa Injinia yote, milioni mbili taslimu."

Mzee aliondoka. Marwa aliweka sururu begani na kuanza kupanda.

"Namfuata chumbani."

"Yaya, Marwa," Mageni alimkataza kwa Kisukuma chake. "Ukimpiga, utalala ndani wewe, na hela ataondoka nayo. Polisi tutasema nini? Hajatuchukulia hata shilingi. Katuchukulia siku tano."

"Sasa?"

 Mageni alikuwa amechomoa fomu mfukoni na kuisoma kwa kidole. Siku tano banda lilikuwa limefungwa, mtaji wa unga na mafuta umeliwa nyumbani, na Jumatatu Rhoda alitakiwa shuleni na vitu vyote vya bweni. Alitaka kulia. Halafu kidole kikasimama kwenye kipengele cha nne, akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini kwenye udongo.

"Huyu mtu wa pwani," alisema, "hajawahi kukaa machimboni, gete, kweli kabisa. Hebu nipeni tupa."

Mtu mmoja alikuwa na tupa ya kunolea panga. Mageni alivua pete ya ndoa. Ilikataa kutoka, akaipaka mafuta ya nywele, ikatoka.

"Mama Rhoda, hiyo ni ndoa yako," alisema Marwa, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyejua anayo.

"Ndoa iko Geita. Hii ni chuma tu." Lakini alipoanza kusaga machozi yalimtoka, na wenzake kumi na tisa wakajifanya wanatazama mawingu. Kama mpango ungeharibika, angekuwa amepoteza siku zote, na pete juu yake. Alisaga yote, ikawa vumbi la njano kwenye kipande cha gazeti.

Siku ya sita Nasibu aliamka mapema. Begi lilikuwa limefungwa, na alikuwa amebakiza kuwatangazia wasailiwa kwamba majibu yangetumwa kwa simu. Kufika shimoni akakuta hakuna anayechimba. Wote walikuwa wamemzunguka Mageni, aliyechuchumaa na karai la maji.

"Kuna nini hapa? Ari iko wapi?"

"Hakuna kitu, Injinia," alisema Mageni, akificha karai kwa mwili, vibaya kabisa.

Nasibu alisogeza watu. Ndani ya karai, kwenye matope mekundu, punje za njano zilikuwa zikimeta.

Alichuchumaa karibu zaidi. Lakini mwizi humjua mwizi mwenzake, au ndivyo alivyodhani. "Nachagua udongo mwenyewe," alisema, akachota koleo pembeni, mahali ambapo hapakuwa na mtu. Mageni akauosha. Kabla ya kuosha alitumbukiza vidole kwenye maji, kama afanyavyo kila muoshaji, na chini ya kucha zake kulikuwa na alichokuwa amekiweka. Dhahabu ikatokea. Nasibu akachota upande wa pili, ikatokea. Akachota katikati, ikatokea nyingi zaidi. Alizikusanya zote kwenye kichupa cha sindano.

Kisha, kwa kuwa hakuwa mjinga, alipanda bodaboda mpaka kwa sonara mjini.

Sonara alichunguza, akapaka dawa, akachunguza tena. "Dhahabu halali. Tena imeiva! Miaka ishirini sijaona dhahabu ya shimoni iliyoiva hivi. Kama imeshawahi kuyeyushwa."

Nasibu alisikia sifa. Alirudi mbio, kichwani akikumbuka mkataba: udongo wote ni mali ya mkandarasi. Mzee Ngusa, Mungu ampe maisha marefu, alikuwa amempa mgodi kwa ubahili wake! Alikuta wasailiwa wameshaanza kujaza udongo kwenye viroba, themanini tayari, na kuvipanga mafungu ishirini.

"Mnafanya nini?"

"Tunagawana mawe, yaani udongo wenye dhahabu," alisema Marwa.

"Mgawane nini? Ninyi ni wasailiwa!"

"Injinia," aliendelea Marwa, "kwenye maduara ya wachimbaji wadogo anayelipwa mshahara hana jiwe. Asiye na mshahara, jiwe ndiyo mshahara wake. Muulize mchimbaji yeyote kuanzia hapa mpaka Geita. Watu wamekatana mapanga kwa jambo hilo."

"Nani kasema hamna mshahara?"

Mageni alifungua fomu na kusoma kwa sauti ya kanisani. "Kipengele cha nne. 'Msailiwa hatalipwa mshahara wala posho ya aina yoyote.' Sahihi yako hii. Na muhuri."

Nasibu aliusoma muhuri wake mwenyewe.  Akatazama sururu ishirini, akatazama dirisha la Mzee Ngusa, ambaye wakati wowote angechungulia na, akisikia dhahabu, kuusahau mkataba na kudai chake.

"Shusheni sauti," alinong'ona. "Naununua udongo wote. Elfu ishirini kila mtu."

"Elfu ishirini!" alipaza sauti Marwa, akigeukia dirishani. "Mzee Ngusa, njoo usikie!"

"Hamsini! Hamsini!"

Walipatana laki moja kila mtu, kwa sababu Mageni alijua milioni mbili ukizigawa kwa ishirini unapata nini. Nasibu alilipa mpaka noti ya mwisho, na kila mmoja alisaini kwamba hana dai tena. Walipeana mikono kwa heshima. Yule wa kofia alimuuliza kama kampuni imeona, akavutwa na wenzake kabla hajaharibu.

Alasiri hiyo Nasibu alipeleka viroba viwili kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe, na kuweka simu yake rehani. Fundi alisaga, akaosha, akamtazama kwa upole.

"Kaka, huu ni udongo wa kufinyangia vyungu."

Nasibu alikaa juu ya kiroba cha pili.  Kisha akacheka kidogo, kama fundi anayeona kazi nzuri ya fundi mwingine, halafu akakumbuka kwamba ni yeye, akaacha.

Alirudi gesti kimyakimya kuchukua begi. Mzee Ngusa alikuwa ameketi juu yake.

"Injinia! Bwawa zuri. Sasa udongo."

"Nitatuma watu, mzee."

"Yaya. Mkataba unasema mkandarasi auondoe. Na siku saba za chumba nazo unalipia. Toroli lile pale, na polisi nako si mbali."

Kwa hiyo Kahama ikamwona Injinia akisukuma toroli, safari baada ya safari, hadi kwenye korongo nyuma ya soko, shati la kola ngumu limelowa mgongoni. Watoto walimhesabia. Kila alipopita kijiweni, Marwa na wenzake walisimama na kupiga makofi.

"Ari nzuri sana, Injinia! Kampuni imeona!"

Siku ya kwanza alivumilia njaa. Siku ya pili alisimama mbele ya banda la Mageni, lililofunguliwa upya, lenye sufuria mpya na foleni ya ovaroli zilizonunua sahani nzima. Rhoda alikuwa ameshakwenda bweni.

"Mama Rhoda, sina hela. Nina hiki tu." Alitoa kichupa cha sindano.

Mageni alikitazama sana. Kisha akaendelea kupakua wali.

"Mlima wako umebaki siku ngapi?"

"Kumi."

"Utakula siku kumi, asubuhi na jioni. Nyama siku za Jumapili."

Nasibu alishukuru kwa dhati, na alikula kama mtu anayesukuma toroli. Siku ya kumi, akifuta sahani ya mwisho, aliona mkono uliomwekea maji ya kunawa. Kwenye kidole kidogo kulikuwa na pete nyembamba, mpya kutoka kwa sonara.

"Pete nzuri, Mama Rhoda. Dhahabu ya wapi hiyo?"

"Ya kwenye shimo lako, Injinia," alisema Mageni. "Nawa mikono."