Sentimita Tisa kwa Siku Mbili

Jumamosi, 11 Mei

Siku saba kabla ya mahafali. Mitihani imekwisha. Joho nimeshalijaribu, linanipwaya mabegani lakini kwenye picha halitaonekana. Kilichobaki ni fomu ya kukabidhi. Saini sita. Maktaba wamesaini. Stoo wamelinusa godoro langu, wakakunja uso, wakasaini. Bweni, jiko na michezo tayari. Ya sita ni ya mazingira, na hapo ndipo alipo Mwalimu Pancras.

Mwalimu Pancras ni mkufunzi anayetembea na futi kamba mfukoni, hata kanisani. Tulipofika mwaka wa kwanza alimpa kila mmoja wetu mche wa parachichi, tukaipanda nyuma ya mabweni, kila mche na kibao chake cha jina. Masharti: ukimaliza chuo unaukabidhi mti ukiwa hai kwa mwanachuo wa mwaka wa kwanza. Huna mti, huna saini. Huna saini, jina lako halisomwi kwenye mahafali.

Leo nimekwenda kuuona mti wangu. Mara ya mwisho nilikwenda lini? Sitasema hata humu, na hili ni daftari langu mwenyewe. Kibao kipo: FREDNAND NDIKURIYO. Mti hakuna. Kuna maharage ya mtu, yamekipanda kibao hadi juu na yanaendelea vizuri.

Hasani, tunayelala naye chumba kimoja, ana mti unaomzidi kimo. Hasani! Mtoto wa duka la vitenge Biharamulo mjini, aliyefika hapa hajui jembe linashikwa upande gani. Mimi ni mtoto wa mkulima wa Bugarama, kule Ngara, nimekulia migombani. Inauma sana.

Hasani akanishauri niende kwa Mwalimu Pancras nikamweleze ukweli. Eti kitaluni kuna miche mingi, na mzee yule ana huruma. Huo ni ushauri wa mtu mwenye mti.

Yeye hamjui mama yangu. Mama Esperansia aliishia darasa la nne. Mimi ndiye wa kwanza kwenye ukoo kumaliza chuo chochote. Ameshawaambia jumuiya nzima, kinamama kumi na wawili wameshona sare ya kitenge, wanakuja na Noah mbili. Wasafiri kutoka Bugarama waje wasisikie jina? Nilikosa hamu ya kula. Nikala hivyo hivyo.

Jumatatu, 13 Mei

Ukaguzi ulitangazwa jana: leo saa nne asubuhi. Nilikuwa na mpango.

Nyuma ya nyumba ya Mwalimu Kuluthumu, matroni wetu, kuna mparachichi mkubwa. Alfajiri Mwalimu Kuluthumu huwa kwenye swala. Najua. Nilijisikia vibaya kabla ya kukata, wakati wa kukata na baada ya kukata. Nilichukua tawi moja lililonyooka, nikang'oa maharage, nikalichomeka tawi mbele ya kibao changu na kushindilia udongo kwa kisigino. Nikarudi nyuma hatua tatu. Mti kabisa.

Mwalimu Pancras akapima. Sentimita themanini na nane. Akasema ni mfupi kwa umri wake lakini una afya. Nikampa fomu na kalamu. Akasema mwaka huu hasaini mara moja. Atapima tena Ijumaa aone kasi ya ukuaji, kwa sababu mgeni rasmi ni afisa misitu na atataka takwimu.

Ijumaa. Kitu kisicho na mizizi kifike Ijumaa. Nikasema sawa, mwalimu.

Jumanne, 14 Mei

Tawi limeanza kulegea. Nimelimwagia ndoo tatu, halina shukrani.

Na sasa kuna Odeta. Yuko mwaka wa kwanza, ametoka huko huko kwetu Ngara, ndiye aliyepangiwa kuurithi mti wangu. Alikuja na ndoo yake, jembe lake na daftari. Akaniamkia shikamoo. Nina miaka ishirini na tatu! Nilimwambia asinizeeshe, lakini nilikuwa nimeshaitikia marahaba.

Akauliza mbona majani yamelala. Nikamwambia mparachichi mchanga hupumzika mchana. Akaandika. Akauliza hupumzika kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi. Nikasema saa sita hadi saa kumi. Akaandika na hilo, akapiga mstari chini yake.

Akanieleza kwamba kwao mnyauko uliingia ukamaliza shamba lote la migomba, na tangu hapo hapendi kuona jani likinyauka. Mti huu hataacha ufe, aliahidi. Nikamshukuru. Ningesema nini?

Jumatano, 15 Mei

Tawi la pili. Nilikata alfajiri kwa haraka na sikupima. Kosa langu liko hapo, nakiri.

Kabla ya uji Odeta alikuwa ameshapima: tisini na saba. Sentimita tisa kwa siku mbili. Akakimbia ofisini. Mwalimu Pancras alikuja na kijiko cha chai bado mkononi. Akapima mara tatu, mara ya tatu amepiga magoti. Akaniuliza nimetumia nini. Watu walikuwa wameshajaa. Nikasema majivu ya jikoni na maji ya kuoshea mchele. Akataka kujua kiasi. Nikasema kikombe kwa kikombe, asubuhi na jioni. Akaniita mtafiti mbele za watu.

Hasani alikuwepo. Alijikuna kidevu tu. Sipendi mtu anayejikuna kidevu.

Kisha mstarini Mwalimu Kuluthumu akatangaza kwamba mparachichi wake unakatwa. Alidhani ni mbuzi, hadi alipoona alama ya panga. Kuanzia leo ameweka kiti nyuma ya nyumba na atakaa mwenyewe. Alitutazama safu kwa safu. Nilitazama bendera.

Alhamisi, 16 Mei

Tawi la pili limekauka ncha. Sasa nikafikiri: kama mti unalindwa, basi mimi ndiye niwe mlinzi.

Nikaenda kwa Mwalimu Kuluthumu. Shikamoo, marahaba. Nikamwambia wizi ule umenigusa moyo, niko tayari kulinda kuanzia alfajiri ili yeye asali kwa utulivu. Macho yalimlowa. Akasema kumbe bado kuna vijana waliolelewa. Akaniletea vitumbua sita kwenye sahani yenye maua. Nilivila vyote, maana kukataa kungemtia shaka.

Jikoni leo kumekuwa na ugomvi. Mwaka wa kwanza wote wamepanga foleni wakitaka majivu na maji ya mchele. Mpishi anamtafuta aliyeanzisha jambo hili. Baadhi ya miche ya watu imeanza kuwa ya njano, wenyewe wanasema ni dalili kwamba dawa imeingia.

Ijumaa, 17 Mei

Tawi la tatu nilikata kwa makini, nikiwa mlinzi halali. Nililipima kwa kamba. Tisini na saba kamili, si zaidi wala pungufu. Nilijipongeza. Sikuangalia katikati ya majani.

Odeta aliangalia. Kulikuwa na kaparachichi, kadogo, saizi ya kidole gumba. Mti usiofikisha miaka miwili umezaa.

Mwalimu Pancras alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Alisema amefundisha miaka ishirini na sita akingoja siku kama hii. Akasaini. Saini ninayo! Nilitaka kuondoka hapo hapo, lakini akanishika bega. Kesho mgeni rasmi ataletwa kwenye mti wangu, nami nitaeleza njia yangu kwa dakika kumi.

Jioni nilimsikia Odeta akipiga simu nyumbani. Alikuwa anamwambia mama yake kwamba Mungu amempa mti usionyauka. Nilijisikia vibaya kwa muda mrefu kuliko kawaida yangu, kama nusu saa hivi.

Jumamosi, 18 Mei



Saa mbili Mama alipiga simu wakiwa Lusahunga, wamesimama kunyoosha miguu. Nyuma yake kinamama walikuwa wanaimba. Akaniuliza kama nimekula. Nikasema ndiyo. Sikuwa nimekula.

Saa tano msafara ukafika kwenye mti. Mgeni rasmi, mkuu wa chuo, wakufunzi, wazazi nyuma. Nikaeleza majivu. Nikaeleza mchele. Afisa misitu akauliza mbegu ni ya wapi. Nikajibu kwamba ni ya kwetu Bugarama. Hapo nilijimaliza. Mama hawezi kusikia Bugarama inatajwa akabaki nyuma.

Akapita katikati ya watu na kitenge chake kipya, akawaamkia wakubwa, akainama. Akashika shina kwa vidole viwili, anavyoshika kila mche kule nyumbani, kujua umeshika vipi. Akasema kwa sauti ya kawaida kwamba mti huu unacheza. Akauvuta kidogo. Ukaja wote. Chini ulikuwa umechongoka, alama ya panga safi.

Hakuna aliyecheka. Ningeshukuru wangecheka.

Mwalimu Kuluthumu alilichukua tawi, akaligeuza, akatazama kaparachichi, akasema hili ni lake na mlinzi wake amekula vitumbua sita. Odeta alifunga daftari. Alilia bila kujificha. Aliniambia kwamba kila alipokuwa akiumwagilia alikuwa akiuongelesha.

Mwalimu Pancras akaomba fomu yangu. Akaikata saini yake kwa mstari mmoja ulionyooka. Akasema taratibu kwamba ningemfuata Jumamosi iliyopita angenipa mche kitaluni na kusaini siku hiyo hiyo. Hasani hakunitazama, nami namshukuru kwa hilo.

Majina yakasomwa. Nilikaa mwisho kabisa, bila joho. Ilipofika herufi yetu alisomwa Felista, kisha Gaspari. Kinamama kumi na wawili walikuwa wameshasimama, vigelegele viko mdomoni. Wakakaa mmoja mmoja. Mama alikaa wa mwisho.

Watu walipokwenda kula, Mama alimfuata Mwalimu Pancras akauliza adhabu ni nini. Ni kupanda miche mitatu na kubaki chuoni wiki tatu ikishika, ndipo fomu isainiwe na cheti kitoke. Mama akaomba jembe. Akachimba na sare yake ile ile. Wenzake wakajifunga khanga juu ya vitenge, mmoja akaleta samadi, mwingine majani ya kufunika udongo. Mimi nilishika ndoo. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba hakuja kuona joho, alikuja kusikia jina.

Mwalimu Pancras alisimama pale akiwatazama. Kisha akatoa karatasi yake mfukoni, akavaa miwani, akasoma kwa sauti kubwa, kwenye udongo ule, mgeni rasmi akiwa bado anatafuna pilau: Frednand Ndikuriyo. Vigelegele vilipigwa hadi wapishi wakatoka nje. Nililia. Naandika wazi kwamba nililia.

Mwalimu Pancras anakwenda likizo, kwa hiyo msimamizi atakuwa Mama. Kila jioni, kwa siku ishirini na moja, nitume picha yangu nikiwa kando ya miti, kwenye simu ya dada yangu Priscila, naye atamwonyesha. Mama akiridhika, mwalimu atasaini. Niliapa mbele ya wote kwamba nitamwagilia asubuhi na jioni. Niliapa kwa moyo wangu wote.

Jumatatu, 20 Mei

Chuo kitupu. Hasani amekwenda kwao. Odeta ameondoka bila kuniaga, ana haki. Jana nilimwagilia mara mbili na kutuma picha ya kwanza. Mama alijibu kupitia dada Priscila kwamba amelala vizuri kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. Niliisoma mara nne.

Nimebadilika. Mtu hawezi kupita nilikopita akabaki yule yule. Uongo basi. Nimeandika neno hilo kwenye kipande cha karatasi na kukibandika juu ya kitanda.

Halafu leo, nikiwa nimebeba ndoo, nikatulia nikafikiri. Kisima kiko mbali. Hasani amenialika mjini, kwao kuna televisheni kubwa. Na kinachotakiwa kila jioni, ukiangalia vizuri, ni picha. Picha si uongo. Ni mimi kweli na ni miti kweli.

Kwa hiyo nimeegemeza simu kwenye tofali na kupiga ishirini zilizobaki, zote leo. Nimebadilisha shati mara saba. Nimesimama kushoto, kulia, nimechuchumaa, moja nimekunja uso kama mtu aliyechoka kwa kazi. Sikukosea kama siku zile za kupima, safari hii nimefikiria kila kitu. Kwa picha ya Alhamisi ya wiki ijayo nimemwaga hadi kikombe kizima cha maji kwenye mashina, ili udongo uonekane umelowa. Hayo ndiyo maji pekee iliyopata miti leo.