Utaratibu Mpya wa Kupokea Vimbunga

Inatangazwa kwa wakazi wote wa Anse Lambi, wenye vyombo vya baharini na wasio navyo, kwamba kuanzia msimu huu vimbunga havitapokelewa tena kiholela. Vitapokelewa kwa utaratibu.

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa Bedo, fundi wa mashua ambaye pia huuza ramu, kwa sababu mashua hujengwa polepole na ramu huisha haraka. Ndio mlango pekee kijijini ambao kila mtu huufikia, mchungaji akiwemo. Chini ya tangazo palikuwa na sahihi ya Bwana Winfield Decoteau, Mwenyekiti wa Kamati ya Hifadhi ya Vyombo Wakati wa Upepo Usio wa Kawaida. Sahihi ilikuwa kubwa kuliko tangazo lenyewe, na hilo lilieleweka, maana Bwana Decoteau alikuwa amesubiri cheo kwa muda mrefu.

Tuwe wakweli, utaratibu wa zamani ulikuwa aibu. Redio ikishasema kwamba kimbunga kimetoka upande wa Afrika na kinavuka bahari kuja kwetu Karibi (na watu wakishaulizana waliwakosea nini Waafrika), kila mtu alishusha matanga, akang'oa chochote kinachoweza kupeperuka, akaiingiza mashua yake kwenye mkondo wa mikoko. Aliyewahi aliingia ndani kabisa. Aliyechelewa alikaa mdomoni mwa mkondo. Kisha watu wakaanza kufunga: kamba kwenye mizizi ya mikoko, kamba kwenye mashua ya jirani, kamba kwenye mashua ya jirani wa jirani, mpaka ukitazama kutoka kilimani ungedhani kuna buibui amelewa. Bwana Decoteau alishuka kufanya ukaguzi, akaona kwa macho yake.

"Kamba hii ya nani?" alimuuliza Bedo.

"Yetu."

"Yetu ni nani? Namtaka mwenyewe."

"Mwenyewe alishakufa," Bedo akasema. "Ila kamba bado nzima."

Hapo ndipo Mwenyekiti alipotambua ukubwa wa tatizo. Kamati ikakaa, yaani yeye na katibu wake Lystra, na kanuni zikatoka. Kila chombo kitafungwa kwa kamba zake chenyewe. Kamba ya chombo kimoja haitagusa chombo kingine, hasa chombo cha ngazi ya juu. Na vyombo vitapangwa kwa hadhi: wenye vyeo mbele, watu wa kawaida nyuma.

Likabaki swali la kitaalamu: mbele ni wapi? Bedo alimpakia Mwenyekiti kwenye kidau, akampeleka ndani ya mkondo. Kule ndani palikuwa na giza na harufu ya tope, mbu walikuwa hawana adabu, na kaa mmoja alidondoka kutoka mtini akatua juu ya kofia ya Kamati. Ilikuwa wazi kwamba mtu mwenye nafasi yake hawezi kuwekwa mahali kama pale. Mdomoni, kwa upande mwingine, palikuwa na mwanga na mandhari, na chombo kilionekana vizuri kutoka barabarani. Mwenyekiti akaamuru kibao kipigiliwe hapo: MAHALI PA HESHIMA.

"Hapa upepo ni mwingi, Bwana Mwenyekiti," Bedo alisema akipiga kasia.

"Hewa safi."

"Haswa. Hutaikosa."

Mahali hapo palikuwa pa mashua ya Mwenyekiti mwenyewe, iitwayo *Utumishi*. Ilikuwa nyeupe, yenye mlingoti mmoja na viti vyenye mito. Haikuwahi kwenda popote, kwa sababu mwenye mashua alikuwa akichafukwa na moyo hata kwenye maji yaliyotulia, lakini kila Jumapili alipanda, akavaa kofia ya unahodha, akala mikate ya kukaanga na samaki wa chumvi aliyotengenezewa na mama yake, huku mashua imetia nanga palepale. Alikulia kwenye ghuba ya watu wenye mashua, na baba yake hakuwa na hata kasia. Sasa yeye alikuwa na mashua, na aliipenda kwelikweli. Alipodhani hakuna anayesikia, aliisemesha.

Upande wa chini kabisa wa hadhi aliwekwa Bi Ionie, mjane mwenye mashua iitwayo *Neema*, anayesafirisha mbuzi, saruji na mitungi ya gesi baina ya visiwa. Kamati ilizingatia harufu. Alipangiwa mwisho kabisa wa mkondo, pale ambapo jua halifiki, na watu walitegemea ataangua kilio.

"Mmenionea," akasema, "lakini nitavumilia." Akaiingiza *Neema* mchana uleule, kabla mtu hajabadilisha mawazo.

Baada ya hapo kijiji kizima kikapatwa na wimbi la unyenyekevu. Mwalimu mkuu mstaafu, Bwana Hosten, alifika mbele ya Kamati kueleza kwamba cheti chake cha ualimu alikipata kwa bahati na kwamba hesabu zilikuwa zikimpiga chenga tangu zamani. Mchungaji alitubu hadharani dhambi ambazo hakuna aliyezijua, nyingine zikapingwa na mkewe, aliyesema kwa hizo mumewe hana uwezo. Diwani alijiuzulu na kununua mbuzi.

Bwana Decoteau aliguswa sana. Alihutubia akisema hajapata kuona umma uliokomaa namna hii. Lakini hadhi haiwezi kuvuliwa ovyo kama shati, kwa hiyo akatunga kanuni ya ziada: anayetaka kushushwa asikilizwe na baraza, na mashahidi wathibitishe kwamba kweli si lolote. Mashahidi hawakukosekana. Hadi Agosti inaisha, mashua zote zilikuwa zimeshushwa hadhi na kusukumwa ndani, na *Utumishi* ilikuwa peke yake mbele, imefungwa kwa kamba mbili nyeupe ambazo Mwenyekiti alizifunga kwa mikono yake. Mafundo yalipendeza sana. Yalifanana na ya zawadi ya harusi.

Bi Ionie alimsubiri barabarani.

"Winfield mwanangu, ngoja nikurushie kamba moja."

"Bi Ionie, kamba yako imefunga mbuzi."

"Na haijamwachia hata mmoja."

"Kuna kanuni."

"Hiyo kanuni inaelea?"

Mwenyekiti alimwomba asiingilie masuala ya kiufundi.

Kimbunga cha kwanza kilikuja mwanzoni mwa Septemba, kikabadili nia, kikapita kaskazini na kutupiga kwa mkia tu. Mti mmoja wa shelisheli uliangukia choo cha shule, ambacho kwa bahati hakikuwa na mtu. Kulipopambazuka Bwana Decoteau alikimbilia kwenye mikoko akiwa na kofia mkononi. *Utumishi* ilikuwepo. Kamba zake mbili nyeupe zilikuwa zinaelea majini, zimekatika. Kilichoishikilia mashua kilikuwa kamba moja ya kijani, kuukuu, yenye manyoya ya mbuzi, iliyozama chini ya maji, ikapita katikati ya mizizi na kwenda kuibukia kwenye *Neema*.

Watu walikuwa wameshakusanyika.

"Kamba hii ya nani?" akauliza.

Kila mtu akajitia hamnazo. Kanuni ilikuwa inasema kamba ya namna ile ikatwe mara moja na mwenyewe achukuliwe hatua.

"Yetu," Bedo akajibu mwishowe.

Mwenyekiti alikuwa na kisu mfukoni. Aliitazama kamba, akaitazama *Utumishi*, akakiacha kisu mfukoni.

"Kamati itachunguza," akasema.

Uchunguzi haukupata nafasi. Lystra alifika akihema, redio kwapani: nyuma ya kile kimbunga kulikuwa na kingine, kikubwa zaidi, nacho hakikuonyesha dalili ya kubadili nia. Kilitarajiwa Anse Lambi kesho yake alasiri.

Bwana Decoteau aliogopa. Hakuogopa kwa niaba ya Kamati wala kwa niaba ya umma. Aliogopa kwa ajili ya mashua yake.

"Bi Ionie," akasema kwa sauti ya chini, "huko ndani kuna nafasi?"

"Ipo, pembeni yangu. Ila huko ni kwa watu wa kawaida, Bwana Mwenyekiti."

"Mimi ni mtu wa kawaida."

"Nani anasema?"

Baraza lilikaa asubuhi iliyofuata dukani kwa Bedo. Kwa kuwa Mwenyekiti ndiye alikuwa mwombaji, Lystra aliendesha shauri. Aliuliza kama kuna mashahidi. Foleni ilitoka nje, ikazunguka tangi la maji.

Bedo alieleza kwamba mwombaji, akiwa mtoto, alitapika ndani ya mashua ambayo ilikuwa bado iko kwenye mchanga. Bwana Hosten alisema amemfundisha miaka mingi, na mpaka anamaliza shule alidhani longitudo ni aina ya samaki. Mchungaji alikumbusha mchezo wa Krismasi ambamo mwombaji alipewa nafasi ya kondoo, nafasi isiyo na maneno, akasahau la kufanya. Diwani wa zamani alisema mbuzi wake mwenyewe ana msimamo zaidi. Kila ushahidi ulipotolewa, Bwana Decoteau aliitikia kwa kichwa na kusema, "Ni kweli," na kila aliposema hivyo Lystra alimshukuru kwa ushirikiano wake.

Wa mwisho alikuwa mama yake, Bi Eudora, mshonaji. Alikaa akaweka mkoba mapajani.

"Mama, sema ukweli," Bwana Decoteau akamwomba.

"Hajui kufunga kamba za viatu," Bi Eudora akasema. "Nilijaribu kumfundisha, tukalia wote wawili. Tangu siku hiyo namnunulia viatu vya kutumbukiza."

Duka zima likatazama chini, kwenye viatu. Kisha wakamfikiria yule mwenye viatu akifunga mashua yake mwenyewe kwa mafundo yale mazuri, na hakuna aliyecheka.

"Lakini ni mtu mwema," Bi Eudora akaongeza. "Na hilo pia mlisikie."

"Wema hauna uzito katika shauri hili, bibi," Lystra akasema kwa upole. Kisha akageukia baraza. "Imethibitika bila shaka yoyote kwamba mwombaji ni mtu wa kawaida. Hongera. Ila, kwa mujibu wa kanuni za Kamati, mtu wa kawaida hawezi kuwa Mwenyekiti."

"Nani alitunga kanuni hiyo?"

Lystra akamwonyesha mlangoni. Upepo ulikuwa umelichana tangazo, ikabaki kona moja tu, yenye sahihi. Bwana Decoteau aliitazama. Miaka yote ile ya kusubiri cheo ilikuwa imebaki kwenye kona hiyo.

"Nakubali," akasema. "Bi Ionie, nionyeshe njia."

Kijiji kizima kiliivuta *Utumishi* kuiingiza ndani. Walishusha tanga, wakatoa mito na viti, wakaipenyeza baina ya *Neema* na mashua ya diwani wa zamani, ambayo ilikuwa imeshashika harufu inayostahili. Bwana Decoteau alikuwa kwenye tope hadi mapajani, kaa wanamtambaa, kofia ya unahodha haijulikani iko wapi. Bedo akamkabidhi ncha ya kamba.

"Nifungeje?"

"Usifunge, kaka. Shika tu. Sisi tutafunga."

Akashika, kwa nguvu zake zote, mpaka wakamwambia sasa anaweza kuachia.

Kimbunga kilikuja kama kilivyoahidi. Mabati yaliruka, duka la Bedo likabaki mlango na fremu, na mikoko ilinyonyolewa majani yote, lakini watu walikuwa kanisani kwenye kuta za mawe wakiimba, na walitoka wote. Walipofika kwenye mkondo, mashua zilikuwepo zote, zimebanana, zimejaa tope na matawi, kila moja ikiwa imening'inia kwa nyingine. *Utumishi* ilikuwa imechubuka ubavu. Bwana Decoteau aliushika ule mchubuko kwa kiganja na kulia bila kujificha. Kule mdomoni palikuwa pamesombwa pote. Katika vyote vilivyokuwa chini ya Kamati, kilichopotea kilikuwa kibao cha MAHALI PA HESHIMA, ambacho kilisimama peke yake katika nafasi yake hadi dakika ya mwisho.

Siku chache baadaye Mheshimiwa Waziri alikuja kutoka kisiwa kikubwa na mashua yake ndefu yenye bendera. Alileta mabati na hotuba. Alisema amesikia kwamba chini ya utaratibu mpya hakuna hata chombo kimoja kilichopotea, jambo ambalo halijawahi kutokea penginepo, na kwamba serikali inakusudia kuueneza katika visiwa vyote. Akataka kumpongeza Mwenyekiti.

Watu wakaanza kukagua mawingu. Bedo alikumbuka kwamba ana msumari wa kutafuta.

"Kiti kiko wazi, Mheshimiwa," akasema Bwana Decoteau, aliyekuwa amemshikia Bi Ionie mbuzi. "Tumekosa mtu wa hadhi inayotosha. Sisi hapa ni watu wa kawaida, na tunao ushahidi."

Waziri aliguswa, akatoa leso. Akasema mtumishi wa umma hakwepi wito, na kwamba atakishika kiti hicho yeye mwenyewe. Wakampigia makofi marefu, ya moyoni. Lystra akamnong'oneza kwamba redio imetaja kingine, kimetoka jana upande wa Afrika.

"Basi nipewe maelekezo," Waziri akasema. "Mashua ya Mwenyekiti hukaa wapi?"

Bedo alikuwa ameshauona msumari. Alitembea hadi mdomoni mwa mkondo, nyundo mkononi, akapigilia kibao kipya ambacho rangi yake ilikuwa bado mbichi. Waziri alisimama mbele yake akavuta pumzi, akasema hewa ya hapa ni safi ajabu.

"Haswa," Bedo akasema. "Hutaikosa."

Bi Ionie alimtazama Waziri kwa muda, akatikisa kichwa. Kisha akamgusa Winfield begani.

"Twende, mwanangu. Tukatafute kamba nyingine ya kijani. Na hii iwe ndefu zaidi, mashua yake ni kubwa."