Siku Nilipozindua Bango la Vijidudu Sugu

Leo nimepata aibu, wapendwa. Si aibu ya kuteleza kwenye matope sokoni, hiyo nimeizoea. Hii imekatiwa utepe, ikapigiwa ngoma ya isukuti, ikapigwa picha pia.

Kwa wasionijua: nafanya kazi maabara, katika hospitali moja hapa Kakamega. Mgonjwa akiwa na kidonda kisichopona, tunaotesha vijidudu vyake kwenye sahani, halafu juu yake tunapanga vikaratasi vidogo, kila kimoja na dawa yake. Kesho yake unaangalia. Dawa ikiwa na nguvu, kando yake kunabaki duara safi, vijidudu vimekufa. Ikiwa haina, vijidudu vinaota mpaka mlangoni pake bila adabu. Unapima duara kwa rula, unalinganisha na jedwali, unaandika herufi ya Kiingereza. S, dawa inamweza mdudu. R, dawa imeshindwa.

Kazi hiyo naifanya hata nikiwa nusu usingizini. Labda hapo ndipo shida ilipoanzia.

Wakubwa walitaka mwananchi asome majibu yake kwa Kiswahili. Wazo zuri kabisa. Wakaunda kamati. Kamati ikatafuta mtu wa maabara anayejua Kiswahili, na mkono wangu ukapanda wenyewe. (Nilipata A ya Kiswahili. Huwa nasema hivyo hata nisipoulizwa.) Nikatunga maneno ya bango la ukutani. Yalikuja matamu! Yakaingia kwenye zile herufi kama mguu kwenye kiatu chake.

Kamati ikakaa, ikajadili kwa kina. Picha ya mkuu wa hospitali iwe kulia au kushoto? Rangi iwe kijani au buluu? Chai ije kabla ya mkutano au baada? Maneno yangu yakapita bila kupingwa. "Yanaingia masikioni vizuri," mwenyekiti akasema. Kwisha.

Leo asubuhi tukazindua. Mkuu wetu, Daktari Andayi, akanisimamisha mbele ya wageni: "Huyu ndiye aliyebomoa ukuta kati ya maabara na mwananchi!" Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu (nilikuwa nimeufanyia mazoezi kwenye kioo). Bango likabandikwa korido ya wadi ya wanaume. Nakala zingine zikapakiwa kwenye gari, zipelekwe vituo vya nje.

Wageni walikuwa bado wanang'ang'ana na mapaja ya ingokho, kuku wetu wa kienyeji, wakati Sista Nekesa, muuguzi wa wadi, alipokuja mbio.

"Wewe wa bango! Njoo. Watu wa Mzee Shivachi wamekataa sindano."

Mzee Shivachi ni mkulima wa Khayega. Alijikata mguu na jembe, kidonda kikaoza, homa ikampanda. Dawa za kwanza ziligonga mwamba. Jana ndiyo nilimpatia moja ambayo duara lake lilikuwa pana kama chapati, nikafurahi kana kwamba nimeioka mimi. Asipodungwa, mguu ule ni wa kukatwa. Sasa eti wamekataa!

"Hawajaelewa tu," nikamwambia Sista. "Niachie mimi."

Nikaenda. Daktari Andayi akafuata. Wageni nao wakafuata, vijiti vya meno mdomoni.

Kando ya kitanda alisimama binti ya mzee, Mwalimu Felistas, karatasi ya majibu mkononi.

"Daktari, nisaidie," akaniambia. (Mtu akivaa koti jeupe hapa ni daktari. Sikumrekebisha.) "Baba asidungwe hii dawa. Haifanyi. Nyinyi wenyewe mmeandika. Na ile yenye ingemponya mmemnyima."

"Nidungeni tu," mzee akasema kutoka kitandani. "Hata kama ni maji ya mto. Mguu unawaka."

"Baba, ngoja kwanza."

Nikatabasamu. Lile tabasamu la mtu mwenye A. Nikatoa simu, nikamwonyesha picha ya sahani.

"Unaona hili duara pana, mwalimu? Hapa vijidudu vimekufa vyote. Hii ndiyo dawa ya sindano."

"Naona."

"Na hapa vimeota mpaka kwenye karatasi. Hii ndiyo unayoitaka wewe."

"Hiyo pia naona. Sasa mbona ukuta unasema vingine?"

"Ukuta hausemi vingine. Labda umesoma mbiombio. Watu wetu wanasomanga mbiombio." (Mungu anisamehe.) "Twende nikusomee."

Tukaenda sote. Mkuu, wanakamati, wageni, Sista na trei yake ya sindano, hata mpiga isukuti na ngoma yake kwapani. Nikasimama mbele ya bango, nikakohoa kidogo, nikanyoosha kidole, nikasoma kwa sauti ya mtangazaji wa habari:

"S! Sugu. Dawa haimwezi mdudu."

Korido ikanirudishia sauti yangu. Sikuipenda.

"Endelea," Mwalimu Felistas akasema, kwa upole ule wa darasa la pili.

"R. Rahisi kufa. Dawa..."

Nikakishusha kidole.

Nilikuwa nimegeuza! Sugu inaanza na S, rahisi inaanza na R, nami nikafuata utamu wa herufi nikasahau kazi inayonilisha. Kwa bango langu, mgonjwa angeikataa dawa inayoponya na kulilia ile ambayo vijidudu vinaitumia kama uji wa asubuhi. Nilibaki nimesimama pale kama fahali aliyeshindwa kwenye mapigano ya fahali Shinyalu, anatafuta tu ni wapi umati umeachana apite.

Daktari Andayi alilitazama bango. Picha yake ilikuwa inacheka, kando kabisa ya neno SUGU.

"Nani aliidhinisha hiki kitu?"

Wanakamati wakaanza kukagua dari. Mwenyekiti akakumbuka simu ya dharura. "Mimi nilishughulikia rangi tu," akasema akiondoka.

Nikamgeukia Mwalimu. "Nisamehe. Kosa ni langu. S ndiyo nzuri."

"Sasa niamini ukuta ama mdomo?"

"Usiamini hata kimoja. Angalia picha tena."

Akaichukua simu, akaisogeza karibu na macho, akaangalia lile duara kwa muda. Halafu akampisha Sista Nekesa. Sindano ikaingia papo hapo.

"Kumbe shida ilikuwa Kiswahili?" Mzee Shivachi akauliza. "Mimi nilijua ni mguu."

Wadi nzima ikaangua kicheko. Nami nikacheka kidogo tu. Mwalimu Felistas alibishana, ndiyo maana tulijua. Angekuwa mtu wa kuogopa koti jeupe, angembeba baba yake kimyakimya akampeleka nyumbani na kile kidonda, nasi tungeendelea na soda.

Hapo ndipo nikakumbuka lile gari. Nikampigia dereva.

"Uko wapi?"

"Mautuma! Nimeshabandika moja hapa dispensari. Wamelipenda mpaka wamepiga makofi."

"Bandua! Bandua sasa hivi!"

"Halibanduki, bosi. Nimetumia ile gundi ya kushika viatu."

Basi kesho alfajiri naelekea Mautuma na ndoo ya maji moto na kisu cha kukwangulia. Mkiniona njiani, salimieni tu. Anayetaka kucheka ajitolee kwanza kushika ndoo.