Mashine ya Uzinduzi Irudishwe Kwenye Lori

Kwako Mheshimiwa Waziri wa Viwanda, Teknolojia na Ubunifu,

KUHUSU: KUHARIBIWA KWA MASHINE YA TAIFA KWA KUWASHWA

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na bado uko wizara hiyohiyo. Mimi ndiye mpambaji wa hafla zako, yule unayemwita Mzee wa Utepe. Mashine unaifahamu, maana tumezunguka nayo nchi nzima juu ya lori. Majirani walipotangaza kiwanda cha betri, tuliipaka rangi ya kijani, nasi tukazindua kiwanda cha betri. Ng'ambo walipoanza kuringia roboti, niliifungia taa mbili za pikipiki zikawa macho. Mwaka huu ikaja akili mnemba, nikaifunika kitambaa cheupe tu, kwani akili haionekani. Hakuna aliyewahi kuuliza inafanya nini. Sasa, kwa unyenyekevu mkubwa, naleta malalamiko yangu:

1. Katika hafla iliyopita, fundi wangu wa umeme alikosea waya. Badala ya kuwasha vipaza sauti, aliwasha mashine. Ulikuwa katikati ya hotuba ya mapinduzi ya teknolojia, nayo ikaanza kutema misumari. Misumari ya kawaida tu, ya kupigilia mbao. Waalikwa wakakuacha unahutubia viti, wakaenda kuokota. Niliona aibu kwa niaba yako.

2. Tangu siku ile haijazimwa. Maseremala wa mtaa ule wanapanga foleni mlangoni pa ukumbi wa hafla. Nilipokwenda na lori kuichukua kwa uzinduzi mwingine, msimamizi wa ukumbi alinijibu kwamba haiwezi kuondoka, eti sasa ina kazi. Kana kwamba zamani ilikuwa inazurura.

3. Kila nchi hulinda inachokiweza. Wapo wanaolinda chuma chao, wapo wanaolinda simu zao. Sisi tunaweza kuzindua, na hapo dunia nzima haitufikii. Leo sekta hii changa inauawa na misumari. Nyumbani kwangu marobota ya utepe yanaliwa na panya, na watoto wananiuliza lini kutakuwa na hafla. Inaniuma, sifichi.

4. Mwenye kupata msumari hataridhika. Kesho atataka nyundo, keshokutwa mabati. Mwisho wake watu watauliza Wizara yenyewe inatengeneza nini, na swali hilo, Mheshimiwa, hatujalifanyia mazoezi.

Kwa hiyo naomba mashine izimwe, ipakwe rangi mpya, na mitambo yote ya taifa ing'olewe swichi ili kosa hili lisijirudie. Fundi wa umeme nimeshamfukuza. Nasikia nchi jirani wamempokea kwa mikono miwili, shauri yao.

Nisalimie Katibu Mkuu, mkurugenzi wa ubunifu, dereva wako, na yule dada anayeshika sinia la mkasi. Waambie nipo.

Wako mtiifu katika kila uzinduzi,

Mzee wa Utepe

Nyongeza: Barua imechelewa kwa sababu mke wangu, ambaye ndiye huniandikia, ameanza zamu ya asubuhi pale kwenye mashine. Mwezi huu tumekula kwa jasho lake. Kwa hiyo ikibidi kuizima, izimwe mchana, akishatoka. Ila hata huo mchana nakuomba usubiri kidogo. Zamu ya mchana bado wanatafuta mtu, na nimeshaacha jina langu.