Ndevu Nyekundu Kwenye Mkutano wa Wanaohamia

Saa mbili na dakika kumi na moja asubuhi ya leo ndipo nilipoanza kuumbuka. Kufikia saa tatu nilikuwa nimeumbuka kikamilifu, mbele ya mashahidi, na mmoja wa mashahidi hao alikuwa naibu msajili wa chuo kikuu.

Ngoja nieleze kwa utaratibu. (Mnanijua. Bila utaratibu siwezi hata kunywa chai.)

Wengi wenu mnajua kwamba nauza dawa za mifugo hapa Garissa, na kwamba karibu kila ninachokijua nilijisomea mwenyewe nyuma ya kaunta. Uzeeni nikaingia chuo cha kati huko Wajir, nikapata diploma ya afya ya mifugo. Sasa nahamia chuo kikuu. (Sikitaji jina. Bado nataka kuhitimu.) Wakikubali masomo yangu yote ya diploma, naingia moja kwa moja mwaka wa tatu. Wakikubali ya mwaka mmoja tu, naingia mwaka wa pili.

Na mwaka wa pili yuko Hodan. Hodan ni binti yangu. Amekulia dukani kwangu, akapenda mifugo kama mimi, na anasoma shahada hiyo hiyo ninayoitaka.

Jana jioni alinikalisha chini kama mtu anayekuja kuposa.

"Aabo, nakuomba kitu kimoja. Ukiwa juu yangu, sawa. Ukiwa chini yangu, sawa. Lakini si darasa moja na mimi. Wallahi nitahamia Nairobi."

"Usiwe na wasiwasi," nikamwambia. "Mimi nimejiandaa."

Na nilikuwa nimejiandaa! Nimesoma mwongozo wa chuo mwanzo hadi mwisho kwenye simu, tena na tena. Matokeo yangu yote yako kwenye faili, yametobolewa matundu, yamepangwa kwa muhula, kila muhula na kikaratasi cha rangi yake. Mama Hodan naye akanipaka hina kwenye ndevu ili nionekane mtu wa maana. Leo asubuhi nikavaa koti, nikajitazama kwenye kioo. Ndevu nyekundu kama machweo, faili kwapani. Nikajiambia, huyu bwana wamkatae wapi?

Tangazo lilisema wanafunzi wote wanaohamia kutoka vyuo vingine wakutane ukumbini saa mbili na nusu kwa ushauri, kisha wakabidhi karatasi zao ofisini kabla ya saa kumi alasiri. Leo ndiyo siku ya mwisho. Mimi hupenda kuwahi, kwa hiyo nikafika saa mbili na dakika kumi na moja. Mlango niliouona kwanza ndio niliopita.

Ulikuwa mlango wa mbele. Ule wa wahadhiri.

Nikatoa salamu. Ukumbi mzima ukasimama.

Vijana kama arobaini, na kila mmoja ana bahasha yake mkononi. Wakaitikia salamu yangu mpaka mwisho, na rehema na baraka zote. Kijana mmoja akakimbia akanifutia meza kwa mkono wa shati lake. Mwingine akaniletea maji, akanifungulia chupa kabisa. Kiti kimoja tu kilikuwa tupu karibu, nacho kilitazamana nao. Nikakikalia.

(Hapa ndipo nilipopaswa kusema. Sentensi moja tu: "Jamani, hata mimi nahamia." Nilikuwa nayo mdomoni. Lakini kwanza nilitaka kunywa maji.)

Kabla sijameza, msichana wa mstari wa mbele akainua mkono. Jina lake Fardowsa, ametoka Griftu, naye akaniita adeer, kama baba yake mdogo.

"Adeer, mimi nimesoma takwimu kule chuoni. Hapa nitarudia tena?"

Swali hilo nilikuwa nalijua! Ukurasa wake naujua! Nikamjibu kwamba kama alipata alama ya C na kuendelea, na kama yaliyofundishwa yanalingana, harudii somo hilo. Akaandika. Wenzake wote wakaandika. Hamjui raha ya mtu aliyejisomea peke yake miaka yote, akizungumza na mbuzi na rafu za dawa, halafu siku moja aone watu wanaandika anachosema.

Nikasimama.

Nikachukua kalamu ya ubao. Nikawaeleza kwamba uje na maelezo ya kila somo ulilosoma, si jina la somo tu, kwa sababu majina hufanana na vitu havifanani. Nikawaeleza waombe kila jibu kwa maandishi. Nikawaambia wasilipe karo kabla ya kujua wamewekwa mwaka gani. Yote hayo ni kweli na bado nayasimamia. Jasho lilikuwa linanitoka kwa furaha. Kijana mrefu wa Lafey, anaitwa Adan, alikuwa akitikisa kichwa kila nikimaliza sentensi na kusema, "Haye! Haye!" Nikazidi kupanda.

Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Akaingia mwanamke mwenye hijabu ya kijani, mkononi ana funguo na karatasi. Akasimama ukutani, akasikiliza kidogo, kisha akainua mkono.

"Binti," nikamwambia, "maswali mwishoni."

Akaushusha.

(Kumbukeni huyo mwanamke. Mimi sitamsahau.)

"Na sasa," nikasema, "jambo kubwa kuliko yote. Matokeo yako. Umeyaangalia?"

Wakatazamana.

"Yako ndani ya bahasha, adeer," akasema Fardowsa.

"Hujayaona? Utakabidhije kitu usichokijua? Kama karani amekosea? Kama amekupa alama za mwenzako?"

"Lakini imepigwa muhuri hapa kwenye kifuniko. Imeandikwa isifunguliwe."

"Imeandikiwa watu wa njiani. Dereva, utingo, shemeji yako. Wewe ndiye mwenyewe. Alama ni za nani?"

"Zangu."

"Ukienda sokoni Griftu kununua mbuzi, unalipa kabla hujamfungua mdomo uone meno?"

"Hapana, adeer."

"Basi."

Basi! Neno hilo moja. Ukumbi mzima ukachana bahasha kwa pamoja. Sauti yake ilikuwa kama mvua inayoanza kwenye paa la bati, na mimi, Mungu anisamehe, niliifurahia. Nikafikiri, huu ndio ualimu.

Mwanamke wa hijabu ya kijani alikuwa ameshaanza kutembea kuja mbele, mikono juu, kama mtu anayezuia ng'ombe asiingie shambani. Alikuwa amechelewa. Adan alikuwa ameshatoa karatasi zake na anazipuliza vumbi.

"Salaam alaykum, mwalimu," akasema yule mwanamke alipofika mbele.

"Waalaykum salaam, binti. Sasa uliza swali lako."

(Ndiyo. Nilisema hivyo.)

"Swali langu ni kwamba, wewe ni wa idara gani?"

"Mimi nahamia."

"Unahamia idara gani?"

"Nahamia chuo. Kutoka Wajir. Mimi ni mwanafunzi."

Adan akapiga meza kwa kiganja.

"Wallahi! Kumbe mzee ni wa kwetu!"

Ukumbi ukalipuka. Aliyenifutia meza alikuwa anautazama mkono wa shati lake.

"Mimi naitwa Habiba," akasema yule mwanamke, watu walipotulia. "Ni naibu msajili. Mkutano huu ni wangu. Nilidhani umetumwa na mkuu wa kitivo."

"Kwa nini hukunikatiza?"

"Nilijaribu, adeer. Ukaniambia maswali mwishoni." Akatazama kidevu changu. "Na kwetu Garba Tula mtu mwenye ndevu za namna hiyo hakatizwi."

Halafu akanigeukia kwa upole, na upole huo ndio ulioniua.

"Umewahi kufika soko la mifugo?"

"Nimekulia huko."

"Mnunuzi na dalali wanapatanaje bei?"

"Wanashikana mikono chini ya shuka. Wanaongea kwa vidole."

"Na mtu wa pembeni akifunua shuka?"

"Biashara imekufa. Wanaanza upya."

"Bahasha ndiyo shuka," akasema Habiba. "Chuo chenu kinaniambia mimi, mkono kwa mkono. Wewe si mnunuzi, adeer. Wewe ndiye ngamia."

Nimeshikana mikono chini ya shuka tangu ujana wangu. Nimeuza na kununua huko chini mpaka vidole vikaota sugu. Na sikuiona! Vijana wa soko, mliosoma mpaka hapa, mnaweza kunicheka kwa hilo, nimewapa ruhusa.

"Hizi zote sasa ni karatasi tu," akaendelea. "Siwezi kuzipokea. Na yako wewe? Iko wapi bahasha yako?"

Nikafungua faili. Nikamwonyesha matundu. Nikamwonyesha vikaratasi vya rangi.

"Nimeuliza bahasha."

Nyumbani kwangu hakuna kitu kinachotupwa. Nilipoifungua wiki iliyopita na kupanga yaliyomo, Mama Hodan aliichukua ile bahasha, ngumu, safi, ina muhuri mzuri. Jana akaikata pembe moja, akaitumia kumiminia unga wa hina bakulini.

Nikamweleza Habiba hivyo hivyo, kwa sababu sijui kusema uongo nikiwa nimesimama mbele ya ubao.

Akanitazama ndevu kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo umekuja nayo," akasema. "Ila umeivaa."

Hapo hata mimi nilicheka. Kisha nikaona uso wa Fardowsa. Yeye hakuwa anacheka. Alikuwa anajaribu kuubandika muhuri kwa mate. Baba yake aliuza ngamia wawili ili afike Garissa, aliniambia baadaye, na mimi nilimchania njia yake kwa neno "basi".

Nikamwambia Habiba, "Niadhibu mimi. Hawa walinisikiliza tu."

"Sina muda wa kuadhibu. Kila chuo kitume nakala moja kwa moja kwenye barua pepe ya ofisi yangu. Ikifika kabla ya saa kumi, nitaihesabu. Isipofika, mtu aanze mwaka wa kwanza. Na kwa kuwa wewe una sauti, adeer, utapiga simu wewe."

Jamani, tulifanya kazi! Nilikaa kwenye varanda ya ofisi ya msajili, vijana wamenizunguka. Nikawapanga kwa chuo, kila chuo na kikaratasi cha rangi yake. (Vikaratasi vilipata kazi.) Adan alikuwa ananishikia simu ya pili. Mmoja wa Rhamu alikuwa anakimbia dukani kununua kredo, na mimi ndiye niliyelipa.

Karani wa chuo kimoja cha Mandera akaniuliza, "Wewe ni nani?"

"Mwanafunzi."

"Kwa sauti hiyo? Mzee, acha mchezo, mpe mtoto simu."

Nikampa Adan.

Mwingine alikataa katakata mpaka Fardowsa akaninyang'anya simu na kuzungumza naye Kisomali kwa kasi ambayo sijawahi kuisikia. Sikupata yote. Nilisikia jina la mama yake karani. Nakala ikafika.

Saa saba nakala zikaanza kuingia moja moja. Kila Habiba akitokeza kichwa dirishani kutaja jina, tulikuwa tunapiga kelele kama timu imefunga bao. Saa tisa, Fardowsa. Akaruka, kisha akakumbuka mimi ni mtu mzima, akasimama vizuri, kisha akaruka tena. Saa tisa na nusu wote walikuwa wamepita. Wote!

Isipokuwa mimi.

Chuo changu Wajir kilikuwa kimetuma matokeo ya mwaka wa kwanza. Ya mwaka wa pili yako kwenye kabati, na ufunguo wa kabati uko mfukoni mwa mtu aliyekwenda harusini Mandera, na simu ya mtu huyo imezimwa, kama inavyofaa harusini. Tulipiga mpaka saa kumi kamili. Adan alipiga hata baada ya hapo, kwa hasira tu.

Habiba akatoka na karatasi yangu mwenyewe. Nikajua kabla hajafungua mdomo.

"Mwaka wa pili, adeer. Ungekuja na bahasha imefungwa, ungekuwa wa tatu."

Nilimkuta Hodan nje ya maktaba. Habari ilikuwa imefika zamani, maana Adan alikuwa amenirekodi nikisema "maswali mwishoni", na chuo kizima kilikuwa kinaitazama. Alikuwa amefunika uso kwa ncha ya hijabu na mabega yanamtikisika. Nilidhani analia. Hakuwa analia.

"Aabo," akasema alipoweza, "msajili? Ulimwambia msajili anyamaze?"

"Nilimwambia kwa heshima."

Amenipa masharti. Nisikae mstari wa mbele. Nisimsahihishe mhadhiri. Nikitaka kalamu, nisimwite "mama" mbele ya watu. Na nisipake hina wiki ya mitihani. Nimekubali yote, naye akanibebea faili mpaka langoni, jambo ambalo sikuwa nimeliomba.

Naomba msicheke sana, kesho asubuhi tuna kipindi. Kredo ya leo ilikula shilingi mia sita na hamsini. Kitabu cha lishe ya mifugo kinauzwa elfu mbili na mia nne, ila Hodan tayari anacho na atakaa kando yangu. Nimeokoa shilingi elfu moja mia saba na hamsini.