Mpango Usio na Jina

Jumatatu, 3 Machi
Tangazo limebandikwa: wanatafuta Mkurugenzi wa Utafiti. Miaka miwili nimekikaimu kiti hicho, mpaka kimechukua umbo langu. Kilichobaki ni saini tu. Nimeshamwambia mama mkwe, naye ameshawaambia majirani. Kurudi nyuma hakuna.

Tuko waombaji watatu. Mzee wa idara ya mimea hanitishi. Anayenikera ni Bi Takwimu wa idara ya hesabu. Yeye ana makala kedekede, mimi nina suti mbili. Tutaonana.

Jumanne, 4 Machi
Eti kila mwombaji aandike mpango wa kuongoza ofisi. Kurasa kumi! Nimempa kazi shemeji, mdogo wake mke wangu, msomi asiye na ajira. Mke wangu akauliza kwa nini nisiandike mwenyewe. Nikamjibu kwamba kugawa kazi ndio uongozi wenyewe. Akaenda jikoni anacheka.

Alhamisi, 6 Machi
Shemeji kaleta mpango. Mzito, una jalada. Akaniomba niupitie kwanza, hasa ukurasa wa nne, hana uhakika nao. Nikamwambia namwamini kama ndugu wa damu. Nimeupeleka moja kwa moja kwa Makamu Mkuu wa Chuo.

Ijumaa, 7 Machi
Bahati hiyo! Makamu Mkuu anataka tufanye kama watafiti: majina yaondolewe, mipango ichanganywe, kila mwombaji aokote mmoja aukosoe kwa siri. Atakayeokota wake mwenyewe aurudishe. Nimeokota. Mistari miwili tu nikajua ni wa Bi Takwimu. Majigambo matupu.

Jumapili, 9 Machi
Nimemaliza kumnyoa bila maji. Nimeandika: mwombaji huyu haijui ofisi anayoitaka, ukurasa wa nne anaahidi kutujengea maabara tuliyo nayo siku nyingi, asikabidhiwe hata funguo za choo. Hapo pa choo nimepasoma mara kadhaa, kwa raha zangu.

Shemeji alipita, akauona mpango mezani, akakohoa, akataka kusema neno. Nikamwambia haya ni mambo ya wakubwa, akanywe chai.

Jumatano, 12 Machi
Kikao. Makamu Mkuu akasoma ukosoaji wangu mbele ya wote. Alipofika chooni nikaangua kicheko, wengine wakafuata. Kisha akataja mwenye mpango. Mimi. Mdomo ulichelewa kupata habari, ukaendelea kucheka peke yake.

Akasema hajapata kuona mtu mkweli kiasi cha kujikataa mwenyewe, na kwamba anakubaliana nami neno kwa neno. Bi Takwimu ndiye mkurugenzi. Naye akanipa mkono, akaniambia kwa upole kwamba funguo za choo nibaki nazo. Nilitamani ardhi ipasuke. Mama mkwe anapiga simu, sipokei.

Alhamisi, 13 Machi
Nimeamka mzima. Bi Takwimu kaniteua mwenyekiti wa kamati ya kukosoa maandiko, eti sina upendeleo. Mwenyekiti! Nimempigia mama mkwe mwenyewe.

Na mwakani cheo cha Naibu Makamu Mkuu kitakuwa wazi. Kosa langu nimeshalijua: shemeji. Safari hii mpango ataandika binamu yangu. Ameahidi kuniletea niusome kabla ya kuupeleka. Nimemwambia asijisumbue, aupeleke tu.