Kundi la Petraq, Watu Saba

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimejitoa kwenye kundi. Miaka ishirini na miwili nimevuma. Mmoja huanzisha wimbo, wa pili humjibu, sisi wengine tunashikilia "eee" moja chini yao mpaka mwisho. Mimi ndiye eee. Mazoezini, mkahawani kwa Sotir, nimesema kwa upole kwamba kwenye tamasha la mwaka huu nitaanzisha mimi. Llazar, kaka wa mke wangu na mwanzishaji wetu tangu enzi, akaweka glasi ya raki, pombe yetu kali, mezani.

"Shemeji," akasema, "wewe ni sakafu. Tena sakafu nzuri. Sasa sakafu ikitaka kuwa paa, sisi tukae wapi?"

Wote wakacheka, hata Sotir, ambaye hucheka mara mbili kwa mwaka. Nikavaa kofia nikatoka. Raki yangu niliimaliza kwanza.

Njiani nikakumbuka. Kuna mashine ndogo za kurekodi zinazomwezesha mtu mmoja kuwa kundi zima. Unaimba, sauti inalala kwenye njia yake. Unaisikiliza masikioni, unaimba nyingine juu yake. Huhitaji kompyuta wala studio. Wala shemeji.

Jumatano, 6 Machi

Mjini Gjirokastër, dukani kwa Entela, muuza ala za muziki. Ameniwekea mashine tatu. Ya kwanza, njia nne, ndogo kama kipande cha sabuni. Ya pili, njia nane, ukubwa wa kitabu, inatumia betri na inapokea maikrofoni mbili. Ya tatu, njia ishirini na nne, maikrofoni nane kwa mpigo, pana kama sinia la kuokea pai ya byrek.

Nikaikumbatia ya tatu. Entela akauliza wanaimba watu wangapi kwa wakati mmoja. Nikasema mmoja. Akauliza matundu saba ya maikrofoni yaliyobaki ni ya nani. Sikupenda namna alivyouliza, lakini nikairudisha.

Nimechagua ya njia nane. Kundi la Llazar sasa lina watu sita. Mimi peke yangu nitakuwa saba, na njia moja ya akiba.

Entela akanishauri nianze na mvumo, maana ndio wengine wote wanaouegemea. Nimemshukuru. Nitaanza na sauti ya kwanza. Kwa nini iitwe ya kwanza?

Ijumaa, 8 Machi

Jikoni kuna kuku dirishani. Sebuleni kuna saa ya ukutani. Nimehamia ndani ya kabati la nguo, katikati ya makoti na mablanketi, mashine mapajani. Ndiyo faida ya betri. Sauti humo ni safi kabisa.

Sauti ya kwanza imekamilika. Nikaanza mvumo, ukagoma kukaa. Mwanzoni mwa wimbo unalingana, mwishoni uko juu ya sauti ya kwanza kama ngazi iliyoegemezwa nyumba isiyo yake. Mashine ina kasoro. Nikampigia Entela kumweleza kwamba inashusha sauti taratibu.

"Mzee Petraq," akasema, "mashine hairudishi ila ulichoipa."

Vijana wa siku hizi hawasimamii bidhaa zao.

Jumapili, 10 Machi

Nimefuta yote. Nimeanza na mvumo, kwa hiari yangu mwenyewe. Njia tano za mvumo, zote mimi. Nilipozisikiliza pamoja machozi yalinitoka ndani ya makoti. Juu yake nikaweka mwitikio, kisha sauti ya kwanza, kwa nguvu zote.

Nikamwita mke wangu Olimbi asikilize. Akafumba macho. Akauliza hao wa chini ni nani, maana wanamkumbusha baba yake. Nikasema ni mimi. Akauliza na huyu wa juu. Nikasema ni mimi vilevile. Akaenda kuwapa kuku maji. Sijawahi kumwona akiguswa namna hiyo.

Jumanne, 12 Machi

Nimepeleka kadi ya kumbukumbu ya mashine, yenye wimbo wangu, kwa wachaguzi wa tamasha. Fomu inataka majina ya waimbaji. Nimeandika langu, la baba, la babu, na ya wajomba zangu wanne. Sita kati ya saba ni marehemu, lakini fomu haikuuliza.

Jumanne, 19 Machi

Tumekubaliwa! Mkuu wa wachaguzi, Bi Anthulla, ameandika kwamba mvumo wa namna hii hajausikia miaka mingi. Mwishoni ameshauri kwa heshima kwamba mwanzishaji abadilishwe. Wivu huo, nimeuzoea. Anatusubiri jukwaani Jumamosi, wote saba.

Jambo hilo sikulifikiria.

Jioni Llazar akaja na chupa ya raki na njugu changa za jozi zilizopikwa kwa sukari. Kundi lake limekataliwa, na majina ya langu ameyaona kwenye orodha. Walimweka Sotir avume mahali pangu, akakohoa tangu ubeti wa kwanza.

"Shemeji, wewe una mwaliko, sisi tuna vinywa," akasema. "Hao uliowaandika itabidi uwachimbue."

Nikatoa masharti: kundi liitwe kwa jina langu, na nianzishe mimi. Llazar akakubali jina. Kuhusu la pili akajaza glasi yangu, kisha akasema polepole, "Petraq, bila wewe tunaelea. Nimeona aibu mbele ya watu."

Katika miaka yote hiyo hajawahi kuniambia neno kama hilo. Nikasema nitavuma, mara hii tu, kwa kuwahurumia.

Jumamosi, 23 Machi

Tumeimba. Nilishika "eee" nikahisi mbao za jukwaa zikitetemeka chini ya viatu. Llazar alipanda juu yangu kama mtu anayepanda ngazi za nyumbani kwake. Tulipomaliza, watu wote uwanjani wakasimama. Bi Anthulla akanishika mkono, akasema amefurahi tumemwondoa yule mwanzishaji wa kwenye kadi.

"Alikuwa nani?" Llazar akauliza.

Nikasema ni mtu fulani wa mji wa Tepelenë.

Jumatatu, 25 Machi

Nimetafakari siku mbili. Sauti yangu ya kwanza ilikuwa na kasoro moja tu: ilikuwa peke yake. Mvumo niliuimba mara tano, kwa hiyo ukasifiwa. Nikianzisha mara tano, nani atashindana nami?

Njia iliyobaki ilikuwa moja tu, nimefuta mvumo wote. Niko kabatini tangu saa tatu asubuhi. Olimbi amechukua koti lake na kwenda kwa kaka yake. Nadhani ameniachia nafasi.